Barua ya wazi: Mpeni mfanyabiashara mdogo dawati ndani ya maktaba

Kwa:
Wakurugenzi wa Halmashauri za Majiji, Manispaa, Miji na Wilaya,
Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.

Nakala: Waheshimiwa Madiwani wote.

YAH: DAWATI LA BIASHARA KATIKA MAKTABA ZA UMMA

Ndugu Wakurugenzi, Ndugu Wajumbe,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wakutubi na wakufunzi wa biashara ndogo. Tunaandika kabla makadirio hayajapelekwa kwenye Mabaraza ya Madiwani, maana fungu likishakosekana kwenye makadirio, kinachobaki ni kuambiana tusubiri Julai nyingine. Ombi letu linatosha kwenye sentensi moja: kila maktaba ya mkoa na ya wilaya iwe na meza moja ya biashara, mkutubi mmoja aliyefundishwa kuikalia, na saa za kazi zinazoendana na soko. Yanayofuata ni maelezo ya kwa nini, kwa vifaa gani, na mtajuaje kama fedha yenu imefanya kazi.

Tuanze na pingamizi tunalolisikia kila mara: Afisa Biashara yupo, SIDO, shirika la viwanda vidogo, ipo, TRA wana dawati la elimu kwa mlipakodi, maktaba inaingiaje hapo? Inaingia kwa sababu haina mamlaka ya kumfanya mtu chochote. Haitoi leseni, haikadirii kodi, haifungi duka, haikamati mzigo. Swali la kwanza la mama lishe kuhusu kodi huwa halihusu kiasi, anataka kujua, "Nikienda kuuliza, wataniandika?" Akiwa na hofu hiyo haendi kuuliza kokote, na miaka inapita akiwa nje ya mfumo. Kwa mkutubi anauliza bila kutaja hata jina lake. Akishaelewa anachotakiwa kufanya, huenda mwenyewe kwenye ofisi husika, akiwa na karatasi zilizokamilika. Afisa wenu naye anapokea mtu aliyejiandaa, badala ya kutumia asubuhi nzima kueleza tofauti ya TIN, yaani namba ya mlipakodi, na leseni.

Na tofauti hiyo ndiyo inayowachanganya wengi. Jina la biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Namba ya mlipakodi hutolewa na TRA. Leseni kwa biashara nyingi ndogo hutolewa na halmashauri. Ni milango mitatu, na mtu aliyepita mmoja hudhani amemaliza yote. Kuna na wa nne usiotajwa sana: kusajili jina la biashara hakumpi mtu ulinzi wa alama yake ya biashara. Msindikaji wa pilipili aliyesajili jina BRELA anaweza kukuta mwingine ameomba alama inayofanana na ile iliyo kwenye chupa yake. Alama ina maombi yake, hudumu miaka 7 ya mwanzo kisha huhuishwa kwa miaka 10, na ile ya Tanzania Bara haimlindi Zanzibar, ambako usajili ni wa peke yake. Maelezo haya hutosha kwenye karatasi moja ya A4 pande mbili. Kila maktaba iwe nayo, kwa Kiswahili, yenye tarehe ya kuchapwa juu kabisa.

Tarehe hiyo tunaisisitiza kwa sababu rafu zetu zina tatizo ambalo wakutubi wenzetu wanalijua. Kitabu cha biashara huzeeka haraka kuliko kitabu cha historia. Bado kuna miongozo inayomwelekeza msindikaji wa chakula kwenda TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, ilhali tangu 2019 kazi ya chakula na vipodozi ilihamia TBS, shirika la viwango, na TFDA ikawa TMDA inayoshughulikia dawa na vifaa tiba. Ipo inayomwelekeza mzabuni kwenye TANePS, mfumo wa zamani wa zabuni mtandaoni, ilhali tangu 2023 zabuni za umma zinapita mfumo mpya, NeST. Msomaji akifuata kitabu hicho anapoteza nauli na siku, kisha anaacha kuiamini maktaba. Kanuni yetu ni hii: kila Julai, baada ya Sheria mpya ya Fedha kuanza kutumika, mkutubi wa dawati anapitia rafu ya biashara yote. Kinachotaja ada, kiwango cha kodi au jina la mfumo kinahakikiwa au kinatolewa rafuni. Kinachofundisha kutunza hesabu, kupanga bei au kukausha matunda kinabaki hata kama ni cha zamani, maana jua halijabadilika.

Sasa suala la steshenari. Mfanyabiashara asiye na kompyuta hupeleka maombi yake steshenari ya jirani. Kijana wa pale anamjazia haraka, na kwa kuwa mteja hana barua pepe, anatumia ya kwake au anafungua mpya ambayo neno lake la siri analijua yeye peke yake. Cheti kinatoka, kila mtu anafurahi. Mwaka unaofuata mwenye biashara anataka kurekebisha anwani au kupata taarifa ya madai yake, na hawezi kuingia. Kijana amehama mji, laini ya simu imefungwa, na ujumbe wenye namba ya uthibitisho unakwenda kwenye simu isiyokuwepo. Kurudisha akaunti ya namna hiyo huchukua muda mrefu kuliko usajili wenyewe, na kila taasisi ina utaratibu wake wa kuthibitisha mwenye mali.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa ya dawati ni ndogo na ya kuchosha: kumfungulia mtu barua pepe yake mwenyewe, kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lake, na kuhakikisha ameandika neno la siri kwenye daftari lake na siyo letu. Hapo mkutubi anahitaji mipaka iliyoandikwa na kubandikwa ukutani. Anaonyesha pa kubonyeza. Kibodi anaishika mteja. Neno la siri la mteja halitunzi. Ritani ya kodi hajazi kwa niaba ya mtu, wala hamshauri achague kati ya kampuni na jina la biashara. Anaweka mbele yake maelezo ya vyote viwili, na maswali ya sheria anayapeleka kwa wakili au mhasibu. Mkutubi akivuka mipaka hiyo kwa huruma, siku makosa yatakapotokea lawama itakuwa ya maktaba.

Wala hatusemi maktaba ishindane na steshenari. Hizo nazo ni biashara za mtaa, na zinalipa kodi ya pango. Bei ya kopi maktabani isiwe chini ya bei ya mtaani. Kwenye dawati mtu asichape zaidi ya kurasa 10 kwa siku. Mwenye kitabu cha kudurufu aelekezwe barabarani. Maktaba zinazoishi vizuri na majirani hualika hata vijana wa steshenari kwenye mafunzo ya nusu siku: namna ya kumjazia mteja bila kuishika akaunti yake. Baada ya hapo nusu ya tatizo huishia hukohuko.

Vifaa ni vichache. Kompyuta mpakato 3 ni bora kuliko za mezani 3, kwa sababu umeme ukikatika mtu anamalizia fomu kwa betri. Skana 1 yenye kilisha karatasi. Printa 1 ya leza, nyeusi na nyeupe. Ya wino wa maji ina bei ya kuvutia, ila ikikaa wiki mbili bila kazi vichwa vinaziba. Ruta 1 inayopokea laini mbili za mitandao tofauti, maana kila mji una mtandao unaozidiwa saa fulani. Kiti cha mteja kikae upande mmoja na kiti cha mkutubi, wote wakitazama skrini moja, na skrini isigeukie mlango. Droo moja yenye kufuli. UPS, kile kifaa chenye betri cha akiba ya umeme, ya kulinda ruta na skana, lakini printa ya leza isiunganishwe humo hata siku moja: inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na UPS ndogo huzima au kuungua. Mafundi wanalirudia hili, na bado maktabani tunaikuta printa imechomekwa humo.

Bando huisha katikati ya mwezi, na watu hudhani limeliwa na wateja. Mara nyingi limeliwa na Windows inayojisasisha kwenye mashine tatu kwa wakati mmoja. Wekeni muunganisho uhesabike kuwa wa kulipia kwa kipimo, na masasisho yafanyike siku moja kwa mwezi, mashine moja baada ya nyingine. Fomu za usajili zenyewe hazitumii data ya kutisha. Kinachotesa ni viambatisho. Mtu anakuja na picha ya cheti aliyopiga kwa simu, mfumo unaikataa kwa ukubwa, anadhani cheti chake kina kasoro. Skani ukurasa kwa nukta 200 kwa inchi, rangi ya kijivu, hifadhi kama PDF. Kwa kawaida ukurasa wa maandishi hautazidi kilobaiti mia chache. Nukta 600 kwa rangi hutoa faili la megabaiti kadhaa lisilosomeka vizuri zaidi.

Kikwazo kingine ni majina. Kitambulisho cha NIDA kinasema hivi, cheti cha shule kinasema vile, akaunti ya benki imeandikwa kifupi. Mifumo huchukua jina kutoka NIDA, kwa hiyo mtu aanze kwa kulinganisha karatasi zake zote mezani kabla hajafungua ukurasa wowote. Mteja wa jina la biashara aje na majina matatu aliyoyapanga kwa mapenzi yake, kwani la kwanza hukataliwa likifanana na lililokwishasajiliwa, na "Mama Neema" si mmoja nchi hii.

Tukiacha usajili, lililo zito zaidi ni hesabu. Hapa tunaomba mtuvumilie kidogo kwa tarakimu. Kwa viwango vya kodi ya makadirio kwa watu binafsi vilivyoanza Julai 2019, mauzo ghafi ya mwaka yasiyozidi shilingi milioni 4 hayakutozwa kodi hiyo. Kati ya milioni 4 na milioni 7, asiye na kumbukumbu za hesabu alitakiwa kulipa 100,000. Mwenye kumbukumbu kamili, asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na milioni 11, asiye na kumbukumbu 250,000. Mwenye kumbukumbu, 90,000 kujumlisha asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7.

Chukueni muuza vitafunwa anayeuza 26,000 kwa siku, siku 310 kwa mwaka. Mauzo yake ni kama milioni 8. Bila daftari: 250,000. Akiwa na daftari: 90,000 na 30,000, yaani 120,000. Tofauti ya 130,000 kwa mwaka inatokana na kaunta buku moja na kalamu. Viwango vinaweza kubadilishwa Julai yoyote, na ndiyo maana ya ule uhakiki wa kila mwaka. Lakini kanuni ya kwamba asiye na kumbukumbu hulipa zaidi inapaswa kufundishwa kila mtaa.

Mafunzo yenyewe tunayajua: vipindi 4 vya dakika 90, watu wasiozidi 12, kila mmoja aje na risiti zake za wiki iliyopita. Kaunta buku lipigwe mistari safu sita: tarehe, mauzo ya taslimu, mauzo ya simu, manunuzi, matumizi mengine, na vilivyochukuliwa kwenda nyumbani. Safu ya sita ndiyo inayozua kicheko, na ndiyo inayoeleza duka "linalouza sana" lakini halikui. Makosa hujirudia. Mtu anaandika faida badala ya mauzo. Anachanganya fedha za familia zilizotumwa kwa simu na malipo ya wateja. Aliyekopesha anaandika siku aliyolipwa, na bidhaa aliyotoa wiki mbili kabla haionekani popote. Kipindi cha pili hakina somo jipya. Watu wanafungua madaftari yao na kusahihishana. Ukikiruka kipindi hicho ili "kumaliza mada", cha tatu watakuja wachache.

Na saa! Darasa la saa nne asubuhi ni la watu wasio na biashara. Muuza mboga amemaliza kazi yake saa nane mchana. Fundi cherehani anaweza jioni. Wenye maduka ya jumla huwapati siku ya gulio hata ukiwapa chai. Dawati lifunguliwe saa nane hadi saa moja usiku kwa siku tatu za wiki, na Jumamosi nusu siku, badala ya siku tano za asubuhi. Jumla ya saa za mtumishi haibadiliki sana. Kinachohitajika ni taa, mlinzi, na idhini ya maandishi ya kubadili zamu.

Yako mambo ambayo maktaba inayo tayari na haitumii. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imechapisha mgawanyo wa watu kwa maeneo ya utawala kutokana na Sensa ya 2022, iliyohesabu watu 61,741,120 nchi nzima, kwa wastani wa watu 4.3 kwa kaya. Mwenye kutaka kufungua tanuri la mikate anaweza kuangalia kata yake. Tuseme ina watu 17,200: hizo ni kaya kama 4,000. Ikiwa kaya moja kati ya nane itanunua mkate mmoja kila siku, soko ni mikate 500, na tanuri la mikate 300 kwa siku lina nafasi iwapo hakuna washindani wawili waliotangulia. Hesabu hii huchukua dakika kumi na inaweza kuokoa mkopo wa miaka miwili. Kinachokosekana ni mkutubi anayejua kwamba kitabu kile kilichoko kwenye rafu ya rejea ni cha muoka mikate pia.

Vilevile zabuni. Sheria ya Ununuzi wa Umma inazitaka taasisi kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao wa mwaka kwa makundi maalum ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Halmashauri zenu zinatangaza, vikundi havionekani. Vingine havijasajiliwa NeST. Vingine vimesajiliwa na mtu aliyekwishaondoka kikundini. Vingine vinaanza kupakia nyaraka saa mbili kabla ya mwisho, mtandao ukiwa umezidiwa. Dawati libandike kila Jumatatu zabuni za makundi maalum za wilaya hiyo, tarehe ya mwisho ikiwa imeandikwa kwa kalamu nene na kusogezwa siku mbili nyuma. Udanganyifu huo mdogo tunautetea.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ile ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024 baada ya malalamiko mengi, na ripoti za CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zilikuwa zimetaja mara kwa mara marejesho yasiyokusanywa. Hatudai kwamba maktaba itarejesha fedha hizo. Tunachosema ni kwamba Afisa Maendeleo ya Jamii angepata nafuu kama kikundi kinachoomba kingekuwa na kaunta buku la miezi mitatu lililokaguliwa dawatini. Tunapendekeza liwe jambo la kuongeza alama kwenye tathmini, na lisiwe sharti jipya la kuwafungia watu mlango.

Maktaba yenyewe ni mteja pia. Rafu zake zinaweza kutengenezwa na seremala wa mji badala ya kusafirishwa. Mpeni vipimo sahihi: ubao wa rafu usizidi sentimita 90 kwa urefu na uwe na unene wa milimita 25, kwa sababu mita moja ya vitabu vizito inaweza kufika kilo 30 na zaidi, na ubao mrefu utapinda kabla ya mwaka kuisha, kina cha sentimita 25 kinatosha vitabu vingi. Vitabu vilivyochanika vijalidiwe mjini. Sehemu ya vitabu vipya inunuliwe kwenye duka la vitabu la mji, kama lipo. Likifa, hamtalifufua kwa semina. Wachapishaji wadogo nao wajulishwe kwamba namba za ISBN, zile za kutambulisha kitabu, za nchi hii hutolewa na Maktaba Kuu ya Taifa. Wapo wanaodhani ni lazima wazinunue mtandaoni kutoka nje.

Wazo hili si geni duniani. Mwaka 1904 maktaba ya umma ya Newark, Marekani, chini ya John Cotton Dana, ilifungua tawi la wafanyabiashara katikati ya mji. Maktaba ya taifa ya Uingereza ilifungua London kituo cha biashara na miliki ubunifu mwaka 2006, kisha huduma hiyo ikapelekwa kwenye maktaba za miji mingine, na 2020 serikali yao ikatenga pauni milioni 13 za kuipanua. Tathmini ya mtandao huo kwa miaka 2016 hadi 2019 ilikadiria kwamba kila pauni 1 ya umma ilirudisha pauni 6.95. Tunawaomba sana msiichukue tarakimu hiyo na kuiweka kwenye andiko lenu. Ni ya wateja wao; wetu bado hatujawahesabu.

Hapo ndipo maktaba zetu zinajikosesha fedha zenyewe. Ripoti ya mwaka husema watu wangapi waliingia na vitabu vingapi viliazimwa. Mwanafunzi aliyetoka kunywa chai na kurudi amehesabiwa mara mbili. Diwani akisoma ripoti hiyo, haoni kata yake imepata nini. Tunapendekeza daftari la dawati lenye safu chache: tarehe, aina ya biashara, kata, hoja iliyoletwa, kilichofanyika, dakika zilizotumika, na kama hoja ilikamilika. Jina halimo. Mteja anapewa kadi yenye namba. Akikubali kufuatiliwa, namba yake ya simu inaandikwa kwenye daftari jingine linalofungiwa kwenye ile droo, na baada ya miezi sita ukurasa unachanwa na kuchomwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na maktaba inayokusanya simu za watu inabanwa nayo. Zaidi ya sheria, siku itakayosikika mtaani kwamba daftari la maktaba limeazimwa na mkusanya mapato, dawati limekufa. Mtuhakikishie hilo kwa maandishi.

Siku ya 90 mkutubi anapiga simu na kuuliza maswali matatu: ulipata ulichokuja kutafuta? Kimebadilika nini kwenye biashara? Bila dawati ungefanyaje? Swali la tatu ndilo linalozuia kujisifu bure. Kwa mfano wa kufundishia tu: hoja 40 za usajili kwa mwezi, kila moja ingemgharimu mtu 10,000 kwa dalali na nauli, ni 400,000. Kama watatu kati ya kumi wanasema wangeweza wenyewe, punguzeni asilimia 30, ibaki 280,000. Kodi aliyoipunguza muuza vitafunwa kwa kutunza daftari msiiingize humo, maana ni fedha iliyohama kutoka mfuko wa Serikali kwenda wake. Inamvuta mtu kuja darasani, lakini haiwi thamani mpya kwa mji. Leseni mpya zilizotokana na dawati ziandikwe peke yake, kwa kata. Ukurasa mmoja kila robo mwaka, mezani kwa madiwani.

Mgawanyo wa kazi tunauona hivi. Bodi iandae moduli ya siku tano kwa wakutubi wa dawati, katika chuo chake cha Bagamoyo, itoe ile karatasi ya A4 na kuihuisha kila Julai, na iondoe kiingilio kwa anayekuja dawatini, kwa sababu hakuna atakayelipa ili aulize swali la dakika tano. Halmashauri itenge fungu la bando, karatasi na wino wa unga. Katriji ya kawaida huchapa kurasa kama 1,500, kwa hiyo hesabuni kwa mwezi na siyo kwa mwaka, la sivyo Machi printa itakuwa pambo. Afisa Biashara akae dawatini mchana mmoja kwa wiki, kwa siku isiyobadilika, akijulikana kwa cheo chake, ili asiyetaka kumkuta aje siku nyingine.

Anzeni na maktaba tatu kwa miezi sita: moja ya jiji, moja ya mji wenye gulio, moja ya wilaya ambako mtandao ni wa shida. Kama kufikia mwisho wa miezi hiyo dawati halimalizi hata hoja 20 kwa mwezi licha ya kufunguliwa saa za jioni, lifungeni na kompyuta zihamishiwe kwa wanafunzi. Ila kabla ya kulifunga, mwulizeni mlinzi wa getini ni saa ngapi hasa alikuwa anafunga.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Wakutubi na wakufunzi wa biashara ndogo